Sheria mpya za mbio za pikipiki: tunasawazisha ushindani kweli au tunamfunga mawe miguuni aliyejipanga mapema? (Uzi mrefu)

#1 Mleta uzi

Wakuu heshima kwenu. Hili jambo nimelikalia muda mrefu na leo nimeamua niliandike lote, ni refu ila naomba msome mpaka mwisho ndo mje kunipinga.

Chukueni msimu wa 2024 wa MotoGP, daraja la juu kabisa la mbio za pikipiki duniani. Mbio kuu zilikuwa 20, Ducati wakabeba 19. Ile moja iliyobaki alichukua Maverick Viñales na Aprilia kule Austin, basi. Na uwanjani Ducati walikuwa na pikipiki 8 kati ya 22. Mitandaoni ikawa kelele tupu, wapunguzwe, wabebeshwe uzito, injini zao zikatwe, yaani kila mtu ana dawa yake na dawa zote ni za kumpiga aliye mbele.

Mimi nasema hivi, na nasema kwa moyo mmoja kabisa maana huu mchezo naupenda: sheria ya kumkata aliye mbele mara nyingi haisawazishi kitu, inahamisha tu mahali pa kutafutia faida. Inayosaidia ni ile inayompa aliye nyuma muda na nafasi ya kujaribu vitu vyake. Ni ya polepole, haina kelele, watu hawaishangilii, ila ndo inayofanya kazi.

Tuangalie historia. 2007 wakubwa wakashusha injini kutoka 990cc kwenda 800cc, sababu ikiwa mwendo umezidi na usalama. Matokeo yake pikipiki zikawa nyepesi kwenye kona, zinaingia kona kwa kasi kuliko zamani, muda wa mzunguko ukazidi kushuka. Na ushindani je? Casey Stoner na Ducati alishinda mbio 10 kati ya 18, akamaliza ubingwa mapema. Kwenye 990cc Ducati hawakuwa na ubingwa hata mmoja. Sheria haikuleta usawa, ilimpa ushindi aliyeielewa kabla ya wenzake.

Njooni Moto2, daraja lililo chini ya MotoGP. 2010 walisema injini iwe moja kwa wote, ya Honda 600cc, na kuanzia 2019 ikawa Triumph 765cc. Injini moja, kompyuta moja, tairi moja, si mtasema hapo usawa umepatikana? Vita ikahamia kwenye fremu. Kuanzia 2013 mpaka 2023 kila bingwa wa Moto2 alikuwa juu ya fremu ya Kalex, miaka 11 mfululizo mpaka Ai Ogura alipokuja kuivunja 2024 na Boscoscuro. Timu zilikimbilia Kalex kwa sababu hakuna mwenye ubavu wa kubaki na fremu nyingine anateseka peke yake. Mlango mmoja ukifungwa watu wote wanajazana kwenye uliobaki wazi.

Superbike, mbio za pikipiki za dukani zilizoboreshwa, ndo usiseme. 2018 walianza kuweka ukomo wa mizunguko ya injini kwa kila chapa, Kawasaki wa Jonathan Rea wakapewa 14,100 kwa dakika, lengo kila mtu analijua hata kama halikuandikwa. Rea akachukua ubingwa tena. 2019 Ducati wakaja na Panigale V4 R yenye ruhusa ya 16,350, Álvaro Bautista akashinda mbio 9 za kwanza mfululizo, wakamkata mizunguko 250, na bado akashinda mbili zilizofuata. Kuna watu wanaamini mpaka leo kwamba zile 250 ndo zilimwangusha. Mimi niliangalia zile mbio, Bautista alianguka mwenyewe tena mara nyingi, na Rea akapanda kutoka nyuma pointi 61 mpaka ubingwa. Mtu anayedondoka usimsingizie kompyuta.

Nataka kusikia mawazo yenu hasa tukiangalia 2027 inakuja na sheria mpya kabisa.

#2

Mkuu umeandika vizuri ila kwenye 2007 umeruka kitu kikubwa sana. TAIRI. Stoner alikuwa na Bridgestone wakati Honda na Yamaha wakubwa wote wako Michelin. Na mwaka huo huo sheria ya tairi ilibadilika, idadi ya tairi kwa wikiendi ikawekewa ukomo, kwa hiyo Michelin hawakuweza tena kutengeneza tairi usiku wa Jumamosi na kuzileta Jumapili asubuhi kama walivyozoea. Rossi mwenyewe aliona, 2008 akahamia Bridgestone na akachukua ubingwa. Sasa hapo huwezi kusema ni 800cc tu.

#3 Mleta uzi

Hapo umenisahihisha na nakubali bila kona kona. Tairi ilikuwa nusu ya hadithi au zaidi. Nusu nyingine ni mafuta, maana mwaka huo huo tenki lilishushwa mpaka lita 21, na ile injini ya Ducati vali zake zinafungwa kwa chuma badala ya springi, ilikuwa inazunguka juu sana bila kuhangaika na bado inafika mwisho na mafuta yake. Kwahiyo sheria tatu zilibadilika kwa mpigo mmoja na zote zikamuangukia mtu mmoja mkononi.

Lakini tuendelee na hiyo hiyo tairi yako mkuu. Kelele zikawa nyingi, 2009 wakaweka Bridgestone peke yake kwa wote. Usawa ulikuja? Kuanzia 2009 mpaka 2015, miaka saba, ukiwatoa Rossi, Lorenzo, Stoner, Pedrosa na baadaye Marc Márquez, walioshinda mbio ya MotoGP ni wawili tu. Dovizioso Donington 2009 na Ben Spies Assen 2011. Miaka saba watu wawili!! Tairi lilikuwa moja kwa wote ila lile tairi lilikua kwa kufuata mahitaji ya Honda na Yamaha, maana wao ndo walikuwa wanashinda na wao ndo walikuwa wanasikilizwa.

#4

Mimi napingana na mleta uzi kwenye msingi wenyewe. Unasema kumkata aliye mbele hakufanyi kazi. Sasa nenda Superbike ya mwanzoni, kuanzia 1988 sheria iliruhusu silinda mbili mpaka 1000cc dhidi ya silinda nne za 750cc. Ducati wakakaa hapo wakala maisha, Polen, Fogarty mara nne, Corser, Bayliss. Hawakukatwa inavyotakiwa. Mwisho Honda wakaona isiwe tabu, na wao wakatengeneza silinda mbili yao, Colin Edwards akashinda nayo 2000 na 2002. Unaona hapo? Usiposawazisha kila mtu anaiga mmoja na mchezo unakuwa wa chapa moja. Superbike ni pikipiki za dukani, huwezi kumwambia Kawasaki atengeneze injini mpya kila mwaka. Lazima mizani iwepo.

#5

Hoja nzuri sana #4. Nyongeza, hata 2008 waliporuhusu silinda mbili za 1200cc waliweka kizuizi cha hewa na uzito zaidi kwa Ducati, na miaka ile ilikuwa mitamu. Bayliss 2008 Ducati, Spies 2009 Yamaha, Biaggi 2010 Aprilia, Checa 2011 Ducati, Biaggi tena 2012, Sykes 2013 Kawasaki, Guintoli 2014 Aprilia. Chapa nne miaka saba. Mizani ilikuwepo na mchezo ulikuwepo.

#6 Mleta uzi

Wakuu hii hoja ni nzito na nimelala nayo. Nakubali nimeandika kwa jumla mno pale juu. Kuna tofauti ya kusawazisha AINA za injini na kumuadhibu MSHINDI. Silinda mbili na silinda nne ni wanyama wawili tofauti, ukiwaweka zizi moja bila mizani hakuna mbio hapo, hilo sibishani nalo. Supersport ya miaka hii, daraja la chini ya Superbike, ni hivyo hivyo, Ducati V2 ya silinda mbili, Triumph 765cc, MV Agusta 800cc, Yamaha, wote pamoja, wanasawazishwa na kompyuta jinsi koo la kupitisha hewa kwenye injini linavyofunguka. Bulega kachukua 2023 na Ducati, Huertas 2024 na Ducati, 2025 Manzi na Yamaha R9. Ile naikubali.

Ninachokikataa ni pale ambapo injini ni aina moja, sheria ni moja, mtu kafanya kazi usiku na mchana akawaacha wenzake, alafu katikati ya msimu unamwita ofisini unamwambia punguza. Hapo unamfundisha nini injinia kijana aliyeko kwenye ile timu? Kwamba akificha kidogo uwezo wake ndo salama zaidi. Na watu huwa wanaficha kweli, ndo maana mizani ya aina hii inazaa mashaka kila wikiendi, mtu akishika nafasi ya tano unajiuliza kama ametaka mwenyewe.

#7

Mimi mgeni kwenye huu mchezo naomba nieleweshwe, kwanini siku hizi kupitana kumekuwa kugumu? Nasikia watu wanasema mabawa mara kifaa cha kushusha pikipiki mara presha ya tairi, sielewi vinahusianaje.

#8

Karibu sana mdau, ngoja nikujibu maana hapa ndo penyewe.

Anza na kupita. Zamani sehemu kubwa ya kupitia ilikuwa kwenye breki, unachelewa kushika breki kuliko mwenzio unaingia kwa ndani. Sasa mabawa ya mbele yanaikandamiza pikipiki chini, tairi la mbele linashika lami zaidi, kila mtu anaweza kushika breki amechelewa sana, umbali wa kushikia breki umekuwa mfupi. Ukiwa mfupi kwa wote hapana pa kumuibia mtu.

Alafu kifaa cha kushusha. Dereva anabonyeza anapotoka kwenye kona, nyuma ya pikipiki inashuka chini, uzito unakaa chini, gurudumu la mbele halinyanyuki, basi unafungua gesi yote mapema. Zamani kutoka kwenye kona ilikuwa kipaji cha mkono wa kulia, mwenye mkono mzuri anamwacha mwenye mkono mbaya. Sasa kifaa kinambeba hata mwenye mkono wa kawaida. Ducati ndo walioanza, wengine wote wakaiga.

Sasa presha. Ukimfuata mtu kwa karibu unakaa kwenye hewa moto na iliyovurugwa na mabawa yake, tairi lako la mbele linapata joto, hewa ndani inapanda, tairi linavimba, sehemu inayogusa lami inakuwa ndogo, mbele kunaanza kukimbia. Unalazimika kurudi nyuma upooze. Ndo maana unaona mtu anamfikia mwenzake kwa kasi alafu anaganda pale pale nyuma mizunguko kumi.

Na juu ya hapo kuna sheria ya presha ya chini kabisa, kuanzia 2024 mbele ni 1.80 bar, ukiwa chini yake kwa mizunguko mingi kuliko inavyoruhusiwa unaongezewa sekunde 16 kwenye mbio kuu, 8 kwenye sprinti, ile mbio fupi ya Jumamosi. Kwahiyo fundi anabashiri kabla ya mbio. Akidhani dereva wake atakuwa katikati ya kundi anaweka hewa kidogo kwasababu itapanda yenyewe. Dereva akijikuta peke yake mbele, hewa haipandi, adhabu inamngoja. Thailand 2025 Marc Márquez alikuwa anaongoza, akapunguza mwenyewe akamruhusu mdogo wake Álex apite ili akae nyuma yake tairi lipate joto, mwishoni akampita tena akashinda. Qatar mwaka huo huo Viñales na KTM alimaliza wa pili, kwa presha tu akatupwa mpaka wa 14.

#9

Duh, asante sana #8, leo nimeelewa kile kitendo cha Thailand. Nilidhani pikipiki imepata hitilafu.

#10

Hapo kwenye mabawa ongezea historia. 2016 mabawa yalizaa mpaka mchezo ukaonekana kama mbio za ndege, yakapigwa marufuku kuanzia 2017 kwa sababu ya usalama. Ilichukua muda gani? Msimu ule ule wa 2017 kila kiwanda kikarudisha kitu kile kile kikiwa kimefunikwa ndani ya fairing, lile ganda la nje la pikipiki, hewa inapita kwenye mifereji. 2019 Qatar Ducati wakaja na kile kijiko chini ya mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, wakasema ni cha kupoza tairi, Dovizioso akashinda, viwanda vinne vikakata rufaa, Aprilia, Suzuki, Honda na KTM. Wakashindwa. Yamaha hawakujiunga kwasababu walishawahi kuweka kitu kinachofanana wakati wa mvua. Baada ya rufaa kila mmoja akatengeneza kijiko chake.

#11 Mleta uzi

#10 umenitolea maneno mdomoni. Marufuku inamfundisha injinia mahali pa kuchimba.

Sasa niingie kwenye upande wa pili, mfumo wa nafuu, wenyewe wanaita konsesheni. Ule wa sasa ulianza msimu wa 2024. Viwanda vinagawanywa madaraja manne kwa asilimia ya pointi walizopata kati ya zile ambazo kiwanda kingeweza kupata. Ukiwa na 85 na kuendelea uko A, 60 mpaka 85 uko B, 35 mpaka 60 uko C, chini ya 35 uko D. Ducati walianza A, KTM na Aprilia C, Honda na Yamaha wakatupwa D.

Angalia jinsi ulivyo na akili. Aliye A ana tairi 170 za majaribio kwa mwaka, aliye D ana 260. Aliye A haruhusiwi kuleta dereva wa ziada kwenye mbio hata mara moja, aliye D anaruhusiwa mara sita. Aliye D anaruhusiwa kufanya majaribio na madereva wake wa mbio wenyewe, na anaweza kubadili injini katikati ya msimu wakati wengine zimegandishwa. Hakuna mtu aliyebebeshwa mawe, hakuna aliyekatwa mizunguko. Yule wa mbele anaambiwa wewe unajua tayari, mwachie mwenzio uwanja afanye mazoezi.

Matokeo? 2024 hamna kitu, 19 kati ya 20 bado. Watu wakasema mfumo umefeli. 2025 mbio 22, Ducati 17. Bezzecchi na Aprilia kashinda tatu, Silverstone, Portimão na Valencia, Raúl Fernández naye kashinda Phillip Island na Aprilia ya timu ya kujitegemea. Zarco kashinda Le Mans na Honda, nyumbani kwao Ufaransa, najua mtasema mvua na ni kweli mvua, ila Honda huyo huyo alimaliza mwaka kwa kutoka D kwenda C na pointi za mwisho zilipatikana mbio ya mwisho kabisa Valencia. Quartararo na Yamaha kaanza wa kwanza kwenye gridi mara tano. Silverstone alikuwa anaongoza vizuri kabisa, mpaka kile kifaa cha kushusha kikagoma kurudi juu akalazimika kusimama. Niliumia siku ile kama mimi ndo nipo juu ya pikipiki, jamaa analia pembeni ya lami, ushindi ulikuwa mkononi.

#12

Mleta uzi unasifia nafuu lakini hebu jiulize, Honda na Yamaha ni viwanda vikubwa kuliko wote pale. Honda ni mlima. Alafu ndo wanapewa tairi za ziada na majaribio ya bure? Aprilia kiwanda kidogo cha Noale 2025 kimeshinda mbio nyingi kuliko hao wawili wote bila hizo zawadi za D. Mimi naona hiyo ni kumsaidia tajiri aliyelala usingizi. Walichelewa kuelewa aero, yaani mabawa na mambo ya hewa, walidharau, waache walipe.

#13 Mleta uzi

Nilikuwa nasubiri mtu aseme hili. Mkuu rudi nyuma kidogo, miaka michache tu. Unajua ni nani aliyeokolewa na nafuu kuliko mtu yeyote kwenye historia ya MotoGP? DUCATI.

Stoner alishinda Phillip Island 2010 na Ducati, akaondoka kwenda Honda. Baada ya hapo ukame. Rossi alikwenda pale 2011 na 2012, Rossi huyu huyu mwenye mataji yote yale, akatoka bila ushindi hata mmoja. 2011 sifuri, 2012 sifuri, 2013 sifuri, 2014 sifuri, 2015 sifuri. Mwanzoni mwa 2014 Ducati wakasema sisi tunaingia kwenye kundi la Open lililowekwa kwa ajili ya timu ndogo, lenye mafuta lita 24 badala ya 20, injini 12 kwa mwaka, tairi laini zaidi, na injini hazigandishwi. Kelele zikawa kubwa, wakubwa wakatunga kundi jipya katikati kwa ajili yao, wakaruhusiwa kubaki na zile nafuu na wakianza kupanda jukwaani wanapunguziwa moja moja, ndo maana baadae walishushwa mafuta mpaka lita 22. Ndani ya ile nafasi mkuu wa mainjinia wao Gigi Dall'Igna akajenga pikipiki mpya ya 2015 kuanzia kwenye msumari wa kwanza. Iannone akashinda Austria 2016, ukame ukaisha. Hii Ducati mnayoilalamikia leo mizizi yake imemwagiliwa na nafuu.

Wengine vile vile. Suzuki walirudi 2015 na nafuu, Viñales akashinda Silverstone 2016, nafuu zikaondolewa kwasababu wamefanikiwa. 2017 wakachagua injini isiyowafaa, imegandishwa, mwaka mzima wanateseka hawana hata jukwaa, wakarudishiwa nafuu 2018, na 2020 Joan Mir ni bingwa wa dunia. Aprilia unaowasifia, mkuu wangu, ndo waliokaa na nafuu muda mrefu kuliko wote. Aleix Espargaró alishinda Argentina 2022 wakiwa bado nazo, wakazipoteza msimu ule ule. Hapo walipo leo wamefikishwa na mlango ule ule unaotaka ufungwe kwa Honda.

Na kuhusu ukubwa wa Honda. Suzuki nayo haikuwa kampuni ndogo, na 2022 mwishoni walifunga virago wakaondoka, tena Rins akiwa ameshinda mbio yao ya mwisho Valencia. Kiwanda kikubwa kikichoka kupigwa kinaondoka na pikipiki zake, gridi inapungua. Mimi nataka Honda wabaki hata kama siwashabikii.

#14

Nimesoma #13 mara mbili. Sikuwa najua ile ya Open ya 2014 kwa undani hivyo. Nabaki na msimamo kwamba kiwango cha D kiwe na ukomo wa miaka, mtu asikae humo milele anakula tairi, lakini hoja yako nimeipokea.

#15

Kuna kitu wote mnakichanganya hapa. Ushindani wa viwanda na ushindani wa madereva ni vitu viwili. 2024 hiyo hiyo ya 19 kati ya 20, ubingwa uliamuliwa mbio ya mwisho Barcelona! Bagnaia kashinda mbio kuu 11, Martín kashinda 3 tu, na Martín ndo bingwa kwa pointi 508 dhidi ya 498, tena akiwa timu ya kujitegemea, kitu ambacho hakikuwahi kutokea tangu MotoGP ianze 2002. Pikipiki moja, vita ya moto. Alafu 2025 viwanda vitatu vimeshinda mbio lakini Márquez kamaliza ubingwa Motegi bado mbio kadhaa. Sasa mwaka gani ulikuwa na ushindani?

#16 Mleta uzi

Swali zuri na nitakujibu ninavyoona mimi. Wote ulikuwa nao ila wa aina tofauti, na sheria inaweza kugusa aina moja tu. Marc alishinda 11 kwasababu ni Marc, kwenye Ducati ile ile Bagnaia alishinda mbili tu mwaka mzima. Hakuna karatasi ya sheria ya kurekebisha hilo na nisingependa iwepo. Kazi ya sheria ni kwamba kijana akisaini mkataba na kiwanda chochote asiwe amejizika.

#17

Na uzito wa dereva je? Superbike waliweka 2024, dereva mwepesi anaongezewa sehemu ya uzito kwenye pikipiki, na kila mtu alijua inamlenga Bautista baada ya kubeba 2022 na 2023. Ile nayo ni kumkata aliye mbele au ni haki?

#18

Haki kabisa. Moto2 na Moto3 dereva anapimwa pamoja na pikipiki yake miaka mingi sasa na hakuna anayelalamika. Mimi kwa mwili wangu mkubwa nimekimbia mbio za kiklabu, najua kinachotokea ukitoka kona ya taratibu na mtu mwepesi yuko pembeni yako, anaondoka kama umesimama.

#19

Sio haki kwa jinsi ilivyokuja. Mwepesi anapata kwenye kuongeza kasi, mzito naye anapata kwenye breki na kwenye kuigeuza pikipiki kwa nguvu ya mwili. Ungeniambia wameiweka tangu mwanzo ningekubali, lakini kuiweka baada ya jamaa kushinda mara mbili ni kumtungia mtu sheria. Alafu 2024 na 2025 Toprak kachukua na BMW, hivi mtu anaamini kweli Toprak alihitaji Bautista abebeshwe vyuma? Yule 2024 alishinda mbio 13 mfululizo.

#20 Mleta uzi

#19 umesema nilichotaka kusema. Sheria iwe ya kudumu na ya wote, ije kabla mtu hajashinda. Hapo hata ikiniumiza timu yangu nitanyamaza.

Sasa 2027 wakuu. Injini zinashuka 1000cc kwenda 850cc, kipenyo cha silinda kutoka milimita 81 kwenda 75, vifaa vya kushusha vyote vinaondoka hata vya kuanzia mbio, upana wa mabawa ya mbele unapunguzwa milimita 50, mafuta ni lita 20 na yasiyo ya kisukuku kabisa, tairi zinatoka Michelin kwenda Pirelli. Na kitu ambacho watu hawakizungumzii ila mimi kimenifurahisha kuliko vyote, data za GPS za madereva wote zitagawiwa kwa timu zote baada ya kila kipindi. Aliye wa mwisho ataona kwa macho yake aliye wa kwanza anashikia breki wapi.

Na viwanda vyote vinaanza daraja B, alafu katikati ya msimu wanapimwa upya. Hapa ndo nina wasiwasi. Kumbukeni 2007, aliyeielewa sheria mapema aliondoka na msimu mzima. Mkipima katikati ya msimu, aliyekosea injini atakuwa ameshapoteza miezi kadhaa bila nafuu yoyote, na injini haibadilishwi kwa wiki mbili. Mimi ningependa kipimo cha kwanza kije mapema zaidi, baada ya mbio tano au sita hivi.

#21

Baada ya mbio tano ni mapema mno mkuu. Mtu anaweza kuficha uwezo mbio tano za kwanza makusudi ili apate D, si wewe mwenyewe umesema hapo juu watu wanaficha? Hakuna kiwanda kitakachokubali kuficha nusu msimu, ila mbio tano wanakubali.

#22 Mleta uzi

Hapo umenikamata kwa maneno yangu mwenyewe, na uko sahihi. Kwahiyo labda ibaki katikati ya msimu lakini aliyeshuka apewe injini ya pili papo hapo bila kusubiri mwaka unaofuata. Yamaha wao wameshaacha injini ya silinda nne za mstari na kuhamia V4, silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V, kuanzia 2026, kwa hiyo wanaingia 2027 wakiwa na mwaka mmoja tu wa kuijua V4. Hao ndo ninaowafikiria ninaposema hivi.

#23

Yamaha na V4 ifunguliwe uzi wake kabisa, maana hapo pana mengi. Mleta uzi fungua tuje.